Gari Likilala Kituoni
Barua ya wazi kwa NTSA na Huduma ya Kitaifa ya Polisi

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, kwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na kwa maafisa wote wanaoandika kanuni za ulevi barabarani nchini Kenya.

Waheshimiwa,

Mnamo Julai 2000, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, kijana wa miaka 22 aliyeitwa John Elliott alikuwa njiani kwenda kwao kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mama yake. Alikuwa ndio kwanza amehitimu chuo cha Jeshi la Wanamaji. Hakufika. Aliyemgonga alikuwa dereva ambaye saa chache kabla, usiku uleule, alikuwa mikononi mwa polisi kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa. Polisi walimkamata, wakamwandikia mashtaka, kisha wakamkabidhi kwa rafiki yake aliyekuja kumchukua. Rafiki huyo hakumpeleka nyumbani. Alimrudisha pale gari lake lilipokuwa limeachwa. Elliott na dereva huyo walikufa wote wawili.

Mwaka uliofuata New Jersey ilitunga sheria inayobeba jina la kijana huyo. Inasema kwamba mtu akikamatwa kwa ulevi barabarani, gari lake lizuiliwe kwa saa 12. Kabla ya saa hizo kwisha linaweza kutolewa kwa mtu mwingine, mradi awe na leseni halali, awe na hati za gari na bima, awe katika hali ya kuendesha kwa usalama, na awe na idhini ya mwenye gari. Anayekuja kumchukua aliyekamatwa naye hupewa onyo la maandishi kuhusu wajibu wake iwapo atamruhusu mlevi huyo kushika usukani.

Barua hii inaanzia New Jersey ili pasiwe na shaka juu ya msimamo wake. Gari la mlevi ni lazima lizuiliwe. Anayedai kwamba askari amnyang'anye mlevi funguo kwa dakika kumi kisha amrudishie kwa kuwa "ameshapoa" hajui pombe inavyofanya kazi mwilini. Kahawa haiitoi, maji baridi hayaitoi, na usingizi wa saa moja haufui dafu. Ini huimeng'enya kwa mwendo wake lenyewe, wastani wa miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Mtu aliyefikisha miligramu 150 saa sita usiku atakuwa bado na pombe damuni wakati jirani zake wanatoka kwenda ibadani asubuhi. Saa 12 za New Jersey zinaendana na hesabu ya namna hiyo.

Swali ambalo barua hii inawaletea ni la baada ya hapo. Pombe imekwisha mwilini, dereva ameshaachiliwa kwa dhamana au ameshafika mahakamani, gari bado liko uwanjani kituoni. Linatoka lini? Kwa amri ya nani? Kwa bei gani?

Katiba ya Kenya imemwekea mtu saa yake. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Anayekamatwa Ijumaa usiku Westlands au Nyali anajua kwamba Jumatatu, kwa vyovyote vile, atasimama mbele ya hakimu. Mwongozo wa dhamana uliozinduliwa na Idara ya Mahakama mwaka 2015 ulieleza zaidi haki zake kituoni na kortini. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamwambia kinachomsubiri akipatikana na hatia: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Maneno yote ya kifungu hicho yanamtazama dereva. Gari limetajwa kama chombo tu ambacho mlevi ameshindwa kukimudu. Hakuna saa ya gari.

Pengo hilo linaonekana dogo kwenye karatasi. Barabarani ni pana mno. Mlevi anaposimamishwa usiku wa manane, adhabu iliyo mbali na kesi iliyo mbali hazimtishi sana. Kinachomtisha ni gari. Kesho asubuhi mkewe atauliza liko wapi. Jumatatu bosi atauliza. Hajui litakaa siku moja au mwezi, hajui atadaiwa elfu mbili au elfu ishirini, na askari aliye mbele yake anajua kwamba hajui. Hapo ndipo mazungumzo ya pembeni huanza. Na yanapomalizika kwa makubaliano, mlevi huondoka na gari lake, akiwa amelewa vilevile, akielekea kwenye barabara ambayo watu wengine wanaitumia. Wanaodhani kwamba hongo ya trafiki ni wizi wa fedha tu wanasahau sehemu hii. Gari lisilo na bei ya wazi wala tarehe ya wazi ya kutoka ndilo linalompa askari mbaya nguvu ya kumwachilia mtu anayeweza kuua kabla hajafika nyumbani.

Takwimu za NTSA yenyewe zilionyesha vifo zaidi ya 4,700 barabarani mwaka 2024, vingi kuliko mwaka uliotangulia. Si vyote vilivyoletwa na pombe. Lakini hakuna Mkenya ambaye hajawahi kusikia, Jumatatu asubuhi, habari ya mtu aliyetoka baa akaingia barabarani na hakufika.

Mji wa New York ulijaribu njia ya ukali usio na saa, na yaliyoupata yanafaa kusomwa na kila anayeandika kanuni. Februari 1999, chini ya Meya Rudolph Giuliani na kamishna wa polisi Howard Safir, jiji lilianza kutwaa magari ya watu waliokamatwa kwa ulevi, hata wale wa kosa la kwanza. Jiji lilitegemea kifungu kilichokuwa tayari katika sheria zake kinachoruhusu kushika mali iliyotumika kutenda uhalifu na hatimaye kuitaifisha. Umma ulishangilia. Giuliani alisema wazi kwamba hata anayeachiliwa huru katika kesi ya jinai anaweza kulipoteza gari lake katika kesi ya madai. Tatizo lilijitokeza kwenye muda. Mwenye gari hakuwa na mlango wa kubisha mpaka jiji lifungue kesi ya kutaifisha, na jiji likishaifungua mara nyingi liliomba isimame hadi kesi ya jinai imalizike. Miezi ilipita, kwa wengine miaka, gari likiwa limekaa tu na hakuna hakimu yeyote aliyewahi kuulizwa kama lilistahili kukaa.

Wenye magari saba walikwenda mahakamani. Septemba 2002, Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya Mzunguko wa Pili ilitoa hukumu inayojulikana kama Krimstock v. Kelly. Aliyeiandika alikuwa Jaji Sonia Sotomayor, ambaye miaka saba baadaye aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani. Mahakama haikusema kwamba ni haramu kushika gari la mlevi. Ilikubali kwamba jiji lina haja ya kweli ya kuwalinda watu barabarani, na kwamba gari linaweza kuondolewa mikononi mwa mlevi palepale bila kungoja amri. Ilichokataa ni kimya kinachofuata. Mwenye gari, ilisema, ana haki ya kusikilizwa mapema na afisa asiyeegemea upande wowote, ili ionekane kama kulikuwa na sababu ya kumkamata dereva, kama jiji linaelekea kushinda kesi ya kulitaifisha gari, na kama hakuna njia nyingine ya kulinda haki ya jiji isipokuwa kuendelea kulishika.

Utaratibu uliojengwa baadaye chini ya hukumu hiyo ni mwepesi kuliko wengi wanavyodhani. Dereva hupewa karatasi palepale gari linapotwaliwa, ikimweleza haki ya kuomba kusikilizwa. Akiomba, shauri hupangwa ndani ya siku kumi za kazi katika baraza la kiutawala la jiji, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa polisi. Polisi wakishinda, gari hubaki. Wakishindwa, gari hutoka, hata kama kesi ya ulevi bado inaendelea. Jiji halikuporomoka kwa hilo, wala polisi hawakuacha kuwakamata walevi. Kilichobadilika ni kwamba kila gari lililobaki uwanjani lilikuwa na sababu iliyopimwa na mtu wa tatu.

Ni haki kusema pia kwamba mawazo hayo hayakushinda kila mahali. Mei 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliamua katika kesi ya Culley v. Marshall kwamba Katiba ya nchi hiyo inamhakikishia mwenye gari kesi ya utaifishaji inayosikilizwa kwa wakati, wala haidai kikao kingine cha mwanzo. Sotomayor alikuwa upande wa walioshindwa. Lakini Kenya haihitaji kungoja majaji wa Washington wakubaliane. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinampa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa serikali kwa haraka, kwa kufuata sheria na kwa haki, na kinasema wazi kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Bunge lilikitungia sheria yake mwaka 2015. Kuzuia gari la mtu kwa wiki tatu ni kugusa haki yake. Karatasi ya sababu ni deni, hata pale ambapo hakuna aliyeidai.

Kesi hiyo ya Culley inaibua jambo lingine ambalo hapa Kenya lina uzito wake wa pekee. Wanawake wawili walioifungua hawakuwa wakiendesha. Mmoja gari lake lilikuwa na mwanawe, mwingine alimwazima rafiki, na magari yakatwaliwa kwa sababu ya dawa za kulevya ambazo wao hawakuzijua. Mwaka 1996 mahakama hiyohiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, ilimkatalia Tina Bennis wa Michigan fidia kwa nusu yake ya gari aina ya Pontiac walilonunua na mumewe kwa dola 600. Mume alikamatwa ndani ya gari hilo na kahaba katika mtaa wa Detroit. Mke hakuwa na habari, na akalipoteza. Hukumu hiyo iliwachukiza watu wengi, na mwaka 2000 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumkinga mwenye mali asiye na hatia katika kesi za serikali kuu.

Sasa lifikiriwe matatu la viti 14 linalofanya safari za Githurai. Mwenye gari ni mama aliyelinunua kwa mkopo wa sako, na marejesho yanadaiwa kila mwezi gari likitembea au likilala. Dereva ni mwajiriwa. Kondakta ni mwajiriwa. Dereva akinywa, akikamatwa, na gari likazuiliwa, anayelala njaa ya kwanza ni huyo mama aliyekuwa kitandani kwake. Mfano huu hautaji mtu fulani. Yeyote anayeijua biashara ya matatu anajua wenye magari wa aina hiyo ni wengi, na kwamba wenye pikipiki za bodaboda ni wengi zaidi. Pikipiki ya kijana mara nyingi si yake. Ni ya mtu anayeletewa hesabu kila jioni.

Kwa mwenye gari wa namna hiyo kanuni inaweza kuwa kali na ya haki kwa wakati mmoja. Afike na logibuku, kitambulisho na cheti cha bima, alete dereva mwingine mwenye leseni, atie sahihi kwamba hatamkabidhi gari yule aliyekamatwa hadi mahakama iseme. Akikiuka, gari lizuiliwe mara ya pili na yeye mwenyewe aitwe kortini. Na kama ushahidi unaonyesha kwamba alijua dereva wake hunywa kazini na akaendelea kumpa funguo, hapo si mtu asiye na hatia tena. Mwenye matatu anayefumbia macho chupa chini ya kiti cha dereva anaweka roho za abiria 14 rehani.

Bei nayo isemwe. Chicago ilikuwa kwa miaka mingi mfano wa jinsi ada zinavyoweza kuwa adhabu kubwa kuliko adhabu yenyewe: dola 150 za kuvuta gari, dola 20 kwa siku tano za kwanza za kuliegesha, kisha 35 kwa kila siku, juu ya faini ya jiji iliyofikia dola 2,000 kwa kosa la ulevi. Mtu aliyeshindwa kulipa wiki ya kwanza alishindwa zaidi wiki ya pili, kwa kuwa deni lilikuwa likikua kila alfajiri, hadi gari likauzwa na deni bado likabaki.

Hapa Kenya anayepita karibu na kituo chochote kikubwa cha polisi ameona uwanja wake. Magari yaliyoota nyasi hadi dirishani, matairi yamekwisha upepo, taa zimeng'olewa, pikipiki zimelundikwa moja juu ya nyingine kando ya ua. Mengine yaliletwa kwa ajali, mengine kwa wizi, mengine kwa makosa madogo ambayo faini yake ingekuwa ndogo kuliko betri iliyoibwa humo uwanjani. Kila baada ya muda orodha ndefu ya namba za usajili huchapishwa katika Gazeti Rasmi chini ya Sheria ya Uuzaji wa Mali Isiyochukuliwa, ikiwapa wenyewe siku 30 za kuja na gharama zao, la sivyo mnada. Mwenye pikipiki wa Kitui au Lodwar hasomi Gazeti Rasmi. Simu anayo. Namba yake iko kwenye akaunti ya usajili wa chombo hicho kwa NTSA, na ujumbe mfupi mmoja ungemfikia kabla hajasikia bei ya mnada.

Fedha yoyote inayodaiwa kwa gari lililozuiliwa ilipwe kupitia eCitizen, kama zinavyolipwa huduma nyingine za serikali, na bei yake ibandikwe ukutani kituoni, mahali anapopaona mtu aliyesimama kaunta. Tanzania imeshapiga hatua katika hili: dereva anayeandikiwa faini hupewa namba ya malipo, akalipa kwa simu au benki, na askari hagusi noti. Si kwamba chai, yaani hongo, imekwisha huko. Lakini mwananchi ana pa kushika, kwa sababu kiasi na risiti viko mbali na mkono wa anayemdai.

Waheshimiwa wa polisi watajibu kwamba gari ni kielelezo. Jibu hilo lina ukweli kwa upande mmoja. Palipotokea ajali, pakaumizwa au kufa mtu, gari ni lazima likae mpaka mkaguzi aangalie breki, usukani na taa, kwa sababu mahakama itataka kujua kama ni pombe au ni chuma kilichoshindwa. Hata hapo ukaguzi uwe na siku yake ya mwisho. Lakini dereva aliyesimamishwa kizuizini na kupimwa, bila ajali yoyote, ushahidi dhidi yake uko kwenye pumzi na damu yake, na kwenye maneno ya askari aliyemwona akiyumba. Gari halina la kusema. Likipigwa picha na namba yake ikaandikwa kwenye kitabu cha matukio cha kituo (OB), hakimu hahitaji kuletewa gari lenyewe nje ya mahakama.

Linalobaki ni mahali pa kuyaandika haya, na hapa historia ya karibuni inatoa onyo. Kanuni za kipimo cha pumzi za mwaka 2011 ziliweka viwango vilevile vya Uingereza: mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi, miligramu 80 kwa mililita 100 za damu. Desemba 2013 kifaa cha kupima pumzi kiitwacho Alcoblow kikaingia barabarani kwa kishindo. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba kanuni hizo hazikuafikiana na kifungu cha 44, kwa kuwa sheria mama inamwadhibu aliyeshindwa kulimudu gari kwa ajili ya ulevi, ilhali kanuni zilimhesabia kosa aliyevuka kiwango. Kazi ya miaka ikalegea kwa sababu ya maneno yasiyolingana katika maandishi mawili. Mwaka 2025 wizara ilileta kwa umma rasimu mpya ya kanuni za ulevi barabarani. Mamlaka ya kuzuia gari, na mipaka ya mamlaka hayo, yasiachwe yategemee kanuni peke yake. Yaingizwe kwenye Sheria ya Trafiki kwa marekebisho yatakayopitia Bungeni, kanuni zifuate baadaye na fomu zake.

Na fomu ya kwanza inaweza kuanza kutumika leo, bila Bunge, kwa waraka wa Inspekta Jenerali pekee: karatasi moja kwa Kiswahili na Kiingereza, yenye nakala ya karatasi ya kaboni, inayotaja namba ya gari, saa lilipozuiliwa, hali yake na vilivyomo ndani, sababu ya kulizuia, jina na namba ya askari, saa ambayo linaweza kuchukuliwa na mtu asiyekunywa, na nambari ya simu ya Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi kwa atakayenyimwa. Nakala moja ibaki kituoni. Nyingine apewe dereva mkononi kabla gari halijaondolewa barabarani, na picha yake itumwe kwa mwenye gari usiku huohuo.